Mtoto Aliyerudi Kutoka kwa Mamba

Lori la kurudi nyumbani lilipopita Nangwa, watoto wote walikuwa wanalilia maji isipokuwa Fabiola.

Vumbi la barabara ya Katesh lilikuwa limewapaka watu wote rangi moja, wakubwa kwa wadogo, na wanawake walikuwa wamejifunika vitenge mpaka puani. Genoveva alimimina maji ya dumu kwenye kikombe cha plastiki, akampelekea mwanawe mdomoni. Fabiola hakukipokea. Alikuwa amekaa juu ya gunia, ametulia kwa namna ambayo mama yake hakuwahi kumwona nayo, mdomo wazi, na vumbi lilikuwa linamwingia machoni wala hapepesi.

"Kunywa, mama. Huna kiu?"

Mtoto aligeuza kichwa polepole, akakitazama kikombe, kisha akamtazama yeye. Hakusema kitu. Genoveva akamshika mguu ili amsogeze karibu, akauachia hapohapo. Jua la alasiri lilikuwa kali hata vyuma vya lori havishikiki, lakini mguu wa mtoto ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Fabiola alikuwa mtoto wa maneno. Kule Basotu, kwenye kota za wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, majirani walimwita Redio, kwa sababu hazimwi. Aliuliza kwa nini trekta halina mkia, aliuliza ngano inalala saa ngapi, na baba yake aliporudi jioni akinuka dizeli na makapi alimpokea kwa maswali kabla hajavua buti. Sebastiani alikuwa dereva wa kombaini, mtu wa maneno machache, na majibu yote aliyokuwa nayo alimpa mwanawe huyo. Walikuwa naye mmoja tu. Waliomtangulia hawakukaa.

Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri, na uongozi wa shamba uliwapa wafanyakazi lori waende na familia zao kutembea popote wanapotaka. Wakachagua bustani ya wanyama ya mzungu mmoja, bondeni huko, mbele ya Babati. Kulikuwa na mbuni, kobe wakubwa, nyani kwenye vyumba vya waya na chatu aliyelala kama mpira wa tairi. Lakini watu walikwenda kwa ajili ya mamba. Mamba walikaa kwenye bwawa lililozungushiwa ukuta wa saruji wenye kimo cha kifua cha mtu mzima, na kati yao alikuwamo mmoja jike, mzee, mweusi, ambaye wafanyakazi wa pale walimwita Bibi.

"Huyu hakuzaliwa hapa," mtunza mamba aliwaambia. Jina lake Nicodemo, kijana mcheshi aliyevaa kofia ya jeshi. "Tulimtoa kwenye lindi la mto, penye kina kirefu, huko porini. Wenyeji walikataa kabisa. Walisema lile lindi lina mwenyewe, tukimtoa mamba tumemtoa na mwenyewe. Bosi akacheka. Basi huyo hapo."

Watu nao walicheka. Sebastiani alimpandisha Fabiola juu ya ukuta, akamshika kiunoni, na Genoveva akamshika mkono. Hawakumwachia hata kidogo. Jambo hili Genoveva alilirudia baadaye kwa kila aliyemuuliza, na kwa wengi ambao hawakumuuliza: mimi nilimshika mkono, na baba yake alimshika kiuno.

Bibi alikuwa amelala ukingoni, mdomo wazi. Fabiola alimtazama, naye akafungua jicho lake la njano.

"Mama, huyu ana huzuni," Fabiola alisema. "Anataka kwenda kwao."

"Mamba hana huzuni, mwanangu."

"Anayo. Amesema kwao ni mbali." Kisha akainama kidogo na kumwambia yule mamba kwa sauti ya upole, kama anavyomwambia mtoto mwenzake anayelia, "Pole. Njoo kwetu basi."

Nyani waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza. Upepo nao ukakatika. Genoveva alisikia harufu ya tope bichi ikimjaa puani, na mkono mdogo aliokuwa ameushika, uliokuwa na jasho na joto, ukapoa ndani ya mkono wake kama chai inavyopoa, ila upesi. Ndani ya bwawa yule mamba mzee akaruka kwa kishindo, akajigonga ukutani, akajigonga tena, akatoa sauti nyembamba ambayo Nicodemo alisema hajawahi kuisikia kwa mamba yeyote.

"Mshusheni mtoto!" Nicodemo alipiga kelele.

Wakamshusha. Hakuwa na jeraha wala hakulia. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye lori.

Nyumbani, Genoveva alijiambia ni uchovu. Asubuhi iliyofuata alimkuta uani, amelala kifudifudi juani, mdomo wazi, mikono imekunjwa ubavuni. Kuku walikuwa wanadonoa karibu kabisa na uso wake. Alikaa hivyo mpaka jua likawa utosini, na mbwa wao, aliyekuwa akilala naye mlangoni, alisimama mbali karibu na uzio, akimtazama huku analia kwa chini. Jioni mbwa hakuonekana tena. Walisema amehamia kwa wafugaji wa Kibarabaigi kule nyikani.

"Ni homa ya safari," Sebastiani alisema.

"Homa gani ya baridi hivi, Baba Fabiola? Mguse."

Hakumgusa. Alichukua kofia yake akaenda kazini.

Nesi wa zahanati alimpima, akatikisa kipimajoto, akampima tena. Akawapa klorokwini na kuwaambia warudi akizidiwa. Fabiola alimeza vidonge bila maji na bila kukunja uso, yeye ambaye zamani walikuwa wanamshika wawili. Siku hizi alimeza kila kitu hivyo. Ugali hakuutaka. Nyama aliichukua mbichi kwenye sufuria, akainua kidevu juu, ikapita. Kisha Genoveva alimwona akiwa ameinama njiani, anachagua kokoto. Alizipangusa moja moja kwa kidole gumba, zile laini akazitia mdomoni, akazimeza.

Toka hapo, kila alipogeuka kitandani, sauti ilitoka tumboni mwake ya mawe yanayosagana. Genoveva aliisikia jioni wakati anapika, kutoka chumba cha pili, na alikuwa akikoroga kwa nguvu, mwiko ukigonga chungu, asiisikie.

Mambo ya kota hayafichiki. Wengine walisema mtoto ameingiwa na jini. Katekista Patriki akaja kusali, na majirani wakajaa mlangoni. Walitegemea mtoto atapiga kelele, ataanguka, atatoa povu. Fabiola alipiga magoti vizuri. Aliitikia sala zote kwa sauti yake ileile, bila kukosea neno, hata zile ndefu ambazo hakuwa amefundishwa bado. Alipomaliza, katekista alikusanya vitu vyake kwa haraka, akamvuta Genoveva pembeni.

"Mama Fabiola, mtoto wako anasali," alinong'ona. "Lakini mimi nilikuwa namtazama kifua. Hapumui. Alivuta pumzi mwanzo, akatoa mwisho."

Kilichowatoa nyumbani kilitokea mchana kweupe. Nyuma ya kota kulikuwa na birika la saruji la kunyweshea ng'ombe, refu, lenye maji ya kijani. Genoveva alikwenda kuanua nguo, upepo wa mlima Hanang ukivuma na kuyumbisha ngano mpaka mwisho wa macho, na kombaini zikisikika kwa mbali, na akamwona mtoto mdogo wa jirani yake Helena, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, akienda kwa hatua za kuyumba kuelekea birikani na kopo mkononi, na hakuona ubaya wowote mpaka alipoyatazama maji, kwa sababu maji yalikuwa yametulia, hayana hata mkunjo, na katikati ya utulivu ule, usawa wa maji kabisa, yalikuwapo macho mawili na ncha ya pua, na macho yale yalikuwa ya mwanawe, nayo hayakumtazama yeye bali yule mtoto, na yalisogea kadiri mtoto alivyosogea, polepole, bila kutikisa chochote, mpaka mtoto alipoinama na kunyoosha kopo.

Genoveva alipiga ukelele ambao watu waliusikia mpaka karakana. Mtoto wa Helena aliangukia nyuma. Maji yakapasuka, mkono mmoja ukachomoka na kukamata hewa tupu pale uliposimama mguu wa mtoto.

Helena alimbeba mwanawe. Hakutukana. Alisema tu, "Mwenzangu, nakuomba. Mpelekeni mahali."

Wakampeleka kwa mzee Akonaay, mganga wa upande wa Mogitu, ambaye mama yake Genoveva, Bi Bernadina wa Maretadu, alimjua kutoka enzi za ujana. Bi Bernadina alitangulia kufika. Alimsalimia mjukuu wake. Zamani mjukuu angemrukia kifuani na shikamoo yake. Sasa alimtazama tu. Bibi kizee akafunika mdomo kwa upande wa shuka.

"Shikamoo, baba," Sebastiani alimwambia Akonaay.

"Marahaba. Mkalisheni pale kwenye udongo. Msimkalishe juu ya ngozi."

Akonaay hakuwa na mbwembwe. Alichoma majani, moshi ukajaa nyumba ya udongo, akaweka kibuyu cha maji mbele ya mtoto. Kisha akasema kwa Kiiraqw, halafu kwa Kiswahili ili Sebastiani, mtu wa kuja, naye aelewe, "Wewe si wa hapa. Wewe ni netlangw, roho wa kwenye maji. Umefuata nini kwa watu?"

Midomo ya Fabiola haikutikisika. Sauti ilitoka chini zaidi, kule kwenye mawe.

"Nilikaribishwa."

"Nani alikukaribisha?"

"Huyu. Alisema, njoo kwetu. Mimi nilikuwa nimefungwa kwenye saruji. Maji yale yamekufa. Kila siku watu wanakuja kunicheka. Yeye hakucheka."

Genoveva alishindwa kujizuia. "Mwanangu yuko wapi?"

Yale macho yakamgeukia. "Nilipotoka pakabaki nafasi. Akaingia yeye. Analia kule. Namsikia hata sasa, nami simpendi anavyolia."

Sebastiani alisimama, akamkamata mtoto mabega akaanza kumtikisa. "Toka! Toka ndani ya mwanangu!" Mawe yakagongana tumboni. Akonaay alimdaka mkono.

"Acha, mwanangu. Acha! Ukimtoa hapa, mwili utabaki mtupu, mtazika." Alimkalisha chini, akashusha sauti, ingawa yule waliyekuwa wanamficha alikuwa anasikia yote. "Huyu hakuja kwa nguvu, alikaribishwa, kwa hiyo dawa yangu haimfukuzi. Lakini wanaweza kubadilishana tena kama walivyobadilishana. Mpelekeni pale pale ukutani. Mtoto aliye ndani ya mamba aseme mwenyewe kwamba anataka kurudi. Na wewe, wa majini, utakubali?"

Moshi ukazunguka.

"Mkiahidi kunirudisha mtoni kwangu," ile sauti ilisema, "nitakubali. Hapa kwenu pana upepo mwingi. Nimechoka."

Bi Bernadina alilia kwa furaha. Genoveva naye, kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori, alihisi kifua kikifunguka. Sebastiani aliahidi. Alisema atamlilia yule mzungu, atamfanyia kazi bure mpaka azeeke, mamba arudishwe kwenye lindi lake.

Mvua ilikuwa imeanza na barabara imekuwa tope. Walipata lori la ngano mpaka Babati, kisha wakatembea, Sebastiani akiwa amembeba mtoto begani. Alikuwa mzito kwa mawe. Genoveva alitembea nyuma, akiutazama uso ule uliolala juu ya bega la mumewe, na alianza kuongea, si na uso huo bali na yule wa mbali. Subiri, mama. Tumefika Gallapo. Tumefika kwenye daraja. Usilie, tunakuja, na baba yako yuko hapa, na bibi yako amekupikia loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, subiri.

Walipokaribia geti, kile kitu kilichokuwa begani kikainua kichwa.

"Amenyamaza," kikasema.

"Nini?"

"Yule mtoto. Tangu jana simsikii. Nilidhani amelala."

Sebastiani akaanza kukimbia.

Bwawa lilikuwapo, ukuta ulikuwapo, mamba wadogo walikuwa wamerundikana kwenye kona. Bibi hakuwapo. Genoveva aliinamia ukuta akaita jina la mwanawe, akaita kama anavyomwita jioni aje kuoga, na mamba wadogo wakazama. Nicodemo alitoka kwenye banda la nyama, mikono imelowa damu, akawakumbuka.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mmerudi? Karibuni."

"Yule mamba mkubwa," Genoveva alisema. "Bibi. Yuko wapi?"

Nicodemo akavua kofia yake. Ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Ah, mama, yule tulipata naye shida. Tangu siku ile mliyokuja alikataa kula. Nyama anaisukuma kwa pua. Na kila akipita mwanamke, hasa aliyevaa kitenge, anamfuata kando ya ukuta, huku akitoa ile sauti. Halafu akaanza kupanda. Mamba, mama, anapanda ukuta! Anasimama kwa miguu ya nyuma, anaegemeza mikono juu hapa, anatazama barabara. Mimi nilimwonea huruma. Nilikuwa namwambia shuka, na anashuka. Ananielewa. Lakini wageni waliogopa. Siku moja alitoka kabisa. Hakumgusa mtu. Alifika getini akalala, anatazama barabara ya kwenda Katesh. Bosi akachukua bunduki."

"Lini?" Sebastiani aliuliza.

"Jana."

Nicodemo, bila kujua anachofanya, akaelekeza kidole nyuma ya banda, ambako ngozi nyeusi ilikuwa imewambwa kwa vijiti, imepakwa chumvi, na mvua inaidondokea.

Genoveva alikwenda. Alipiga magoti kwenye tope, akaweka kiganja juu ya ngozi ile, pale ambapo kwa mtu pangekuwa bega. Hakulia. Aliipangusa chumvi kwa ncha ya kitenge, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso, na alipomaliza upande mmoja akahamia wa pili, na Nicodemo alipotaka kumnyanyua, Sebastiani alimzuia.

Ndipo kikatoka kilio. Hakikutoka kwake. Yule aliyekuwa ndani ya mwili wa Fabiola alikuwa amesimama peke yake kwenye uwanja, anaitazama ngozi, nyumba yake ya miaka isiyohesabika, na mdomo wake ulikuwa wazi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto kabisa.

Walikaa kando ya barabara kusubiri gari, mvua ikiwanyeshea. Sebastiani alikaa mbali nao, amewapa mgongo. Baada ya muda alisema bila kugeuka, "Tumwache hapa. Huyo si wetu. Twende, Mama Fabiola."

Genoveva alikamua maji kwenye pindo la kitenge chake.

"Nasema si wetu. Mwanangu yuko kule kwenye vijiti. Mimi nyumba moja na kitu hicho silali."

Lori la kuelekea Katesh likaja. Sebastiani alipanda, akanyoosha mkono chini kumvuta mkewe. Genoveva alisimama barabarani, akautazama ule mkono. Kisha akamtazama yule mwingine, aliyekaa kwenye majani yenye maji, magoti ya Fabiola yamekunjwa, nywele za Fabiola alizozisuka mwenyewe zimeanza kufumuka, kovu dogo la Fabiola kwenye nyusi.

"Na mimi nitakwenda wapi sasa?" kile kitu kiliuliza. "Sina pa kurudi."

Dereva alipiga honi. Sebastiani akaurudisha mkono wake ndani polepole, na lori likaondoka naye, likapotea kwenye mvua.

Genoveva aliendelea kusimama mpaka mlio wa lori ukaisha. Mbele yake ilikuwa barabara, na mwisho wa barabara Basotu, kota, birika, na watoto wa watu. Alijua. Hakujidanganya hata kidogo. Alivua kitenge chake cha juu, akakikung'uta, akainama na kuupa mwili ule mgongo.

Mikono ya baridi ikamzunguka shingo. Akafunga fundo kifuani, akalikaza, akainuka kwa shida na kuanza kutembea.

"Mama," kikasema sikioni mwake, kikijaribu neno hilo kwa mara ya kwanza.

Alitembea kitambo. Tope lilikuwa linanasa miguu.

"Mama."

"Abee," Genoveva akaitika.